Mshono wa Titaniamu Ukiwa Mgumu, Iulize Hewa

Fremu ya kwanza ya titaniamu niliyoiharibu ilikuwa ya baiskeli ya mbio. Mwenyewe, kijana mmoja, aliipata mtumbani, ikaja kupata ufa pale bomba la kiti linapokutana na ekseli ya padeli. Wakati huo nilikuwa nimechomelea chuma cha pua miaka kumi na mbili, mashine ya tigi ilikuwa mkononi mwangu kama kijiko, na mtungi wa agoni ulikuwa umejaa. Nikapitisha mshono mwembamba, umepangika kama magamba ya samaki, na ulipopoa ukatoa rangi: dhahabu pembeni, ikafuata zambarau, katikati bluu ya bahari. Nilifurahi hata nikaupiga picha. Wiki ya tatu kijana alirudi na fremu vipande viwili. Fremu kuvunjika si ajabu. Ajabu ilikuwa namna ilivyovunjika: bomba halikupinda, halikuvutika, lilikatika kavu kama kigae cha mtungi.

Naandika haya kwa fundi anayeijua kazi yake ya chuma na ambaye siku moja ataletewa kitu chepesi cha kijivu na kuambiwa, "Hii ni titaniamu, unaweza?" Kazi hizo zinaongezeka. Kuna fremu za baiskeli, kuna egzosi za pikipiki kubwa, na vijana wetu wanaokwenda Oman na kwingineko Ghuba kufanya kazi kwenye mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari huyakuta mabomba ya titaniamu huko. Karibu wote tunaingia na mazoea ya chuma, na mazoea hayo ndiyo yanayotuangusha.

Zoea lenyewe ni hili. Tumefundishwa kwamba chuma chenye kaboni ya kutosha, kikichomelewa kikapoa haraka, kinakuwa kigumu kando ya mshono na kupasuka. Kaboni inanaswa ndani ya fuwele zinazogeuka ghafla, yanatokea yale yanayoitwa matensaiti, na ugumu wa 180 kwa kipimo cha Vickers unaweza kuruka ukapita 500. Dawa yake kila fundi anaijua: pasha kabla, poza taratibu. Sasa fundi huyo akisikia kwamba titaniamu nayo hutoa matensaiti, anafanya nini? Anachukua tochi ya gesi na kuipasha titaniamu moto hewani. Hajawasha mashine, na kazi imeshaharibika.

Tuanze na umbo lake la ndani. Titaniamu safi ina sura mbili. Chini ya nyuzi 882 za Selsiasi atomi zake zimejipanga kwa mpango wa pembe sita uliobanana, unaoitwa alfa. Juu ya hapo zinahamia mpango wa mchemraba, beta, hadi inapoyeyuka kwenye nyuzi 1668. Viwanda vinacheza na sura hizo kwa kuchanganya madini mengine: alumini inaitia nguvu alfa, vanadiamu inaishikilia beta. Aloi inayotumika kuliko zote ina alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, nami nitaiita sita-nne. Hiyo ndiyo gredi ya 5, na inageuka kuwa beta tupu karibu na nyuzi 995. Mabomba ya baiskeli mara nyingi ni gredi ya 9, yenye alumini 3 na vanadiamu 2.5. Gredi ya 1 hadi ya 4 ni titaniamu isiyotiwa aloi.

Dimbwi la mshono linapoganda, linaganda likiwa beta. Punje zake huota kutoka ukingoni kuelekea katikati, ndefu kama nguzo, na zina nafasi ya kunenepa kwa sababu joto haliondoki haraka. Sita-nne hupitisha joto kiasi cha sehemu moja ya saba tu ya chuma cha kawaida. Hata pembeni mwa mshono, mahali ambapo hapakuyeyuka ila palipita nyuzi 995, punje zinavimba. Ukikata kipande, ukakisugua mpaka king'ae na kukipaka asidi, utaziona kwa macho bila hadubini.

Kisha joto linashuka na alfa inachipuka ndani ya kila punje. Ikipoa polepole, alfa hutoka kwa vipande vinene vilivyolala sambamba kama boriti za dari. Ikipoa kwa kasi ya wastani, vipande vinapishana na kusukana kama mkeka. Na ikipoa upesi mno, kupita kama nyuzi 400 kwa sekunde, jambo ambalo mshono mwembamba wa leza hulifikia kwa urahisi, yanatoka matensaiti: sindano nyembamba zilizojaa kila upande.

Hapa ndipo titaniamu inapoachana na chuma. Matensaiti yake hayana kaboni iliyonaswa, kwa hiyo hayaumuki kwa ugumu. Bati la sita-nne lina ugumu wa karibu 340. Mshono wake wa tigi ulio safi utakuta uko palepale au umepanda kidogo, tuseme 360. Wa leza unaweza kufika 380 au 400. Kwa mtu wa chuma tofauti hiyo si habari. Na titaniamu isiyo na aloi, kama gredi ya 2 ambayo ugumu wake ni karibu 150 au 160, mshono wake ukiwa safi hautofautiani sana na bati lenyewe.

Basi ukipima mshono wa gredi ya 2 ukakuta 250, usilaumu joto. Ilaumu hewa.

Oksijeni inaingia katika titaniamu ya moto kama maji kwenye sponji, na haikai juu tu. Atomi zake ni ndogo, zinajipenyeza katika nafasi zilizo kati ya atomi za titaniamu na kuzuia tabaka zisiteleze moja juu ya nyingine. Chuma kinapinda kwa sababu tabaka zinateleza. Zikikwama, kilichobaki ni kuvunjika. Mfano mzuri ni zile gredi zenyewe. Kinachotofautisha gredi ya 1 na ya 4 kwa sehemu kubwa ni oksijeni: ya kwanza inaruhusiwa asilimia 0.18, ya nne asilimia 0.40. Kwa tofauti hiyo ndogo, na chuma kidogo kinachoongezeka, nguvu ya kuvutwa inayodaiwa inapanda kutoka megapaskali 240 hadi 550. Oksijeni ni chumvi ya mchuzi huu. Kiwanda kimeshaitia kwa kipimo. Ukiongeza yako jikoni, hautalika tena. Nitrojeni ni kali zaidi yake. Na ubaya wa vyote viwili ni kwamba havitoki. Kuyeyusha upya juu ya mshono mchafu, kama tunavyosafisha makosa ya chuma, hakuondoi chochote. Mshono uliokunywa hewa unakatwa.

Nitoke nje kidogo. Wateja wa Mombasa huniuliza kwa nini titaniamu ni ghali ilhali mchanga wake ulikuwa ukichimbwa hapo Kwale tangu 2013 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Mchanga si ghali. Ilmenaiti, madini yaliyomo kwenye mchanga huo, nyingi duniani inaishia kuwa weupe wa rangi za kuta. Ghali ni kuitenganisha titaniamu na oksijeni. Njia iliyofaulu kibiashara ni ya William Kroll wa Luxembourg, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1940, nayo inapita kwenye klorini na magnesiamu iliyoyeyuka, ndani ya chombo kisichoguswa na hewa, tanuri baada ya tanuri. Kazi yote hiyo ya kuitoa oksijeni, halafu fundi anairudisha kwa dakika moja kwa sababu aliacha pangaboi likizunguka.

Naam, pangaboi. Tuje kwenye karakana.

Agoni iwe safi angalau asilimia 99.995, na mpira wa kupitishia uwe wa plastiki ngumu, kwa kuwa mpira wa kawaida hupitisha unyevu. Kikombe cha tochi kiwe kipana, chenye lenzi ya gesi. Lakini kikombe pekee hakitoshi, na hilo ndilo kosa langu kwenye ile fremu. Kwa chuma cha pua, tochi ikipita mshono unajilinda wenyewe. Titaniamu inaendelea kunywa hewa hadi ishuke chini ya nyuzi 400 hivi, na kwa sababu joto linakaa, sehemu uliyoipita sentimita tano nyuma bado ina njaa. Inahitaji kifuniko cha gesi kinachoifuata tochi kwa nyuma. Changu nimekikunja kwa bati la chuma cha pua, kama kijisanduku kilichofunuliwa upande wa chini, ndani nimejaza sufi ya chuma cha pua ili gesi itoke kwa utulivu bila kupuliza. Gesi ikipulizwa kwa nguvu huvuta hewa ya pembeni ikaja nayo, hivyo usidhani kufungua mtungi zaidi ni kulinda zaidi.

Ndani ya bomba nako kunahitaji agoni. Ziba ncha kwa utepe, acha kitundu. Agoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo iingie kwa chini na hewa itokee juu. Pitisha gesi ya kujaza bomba mara kumi kabla ya kuwasha. Bomba la mita moja lenye upana wa ndani wa milimita 32 lina ujazo wa lita 0.8 hivi, mara kumi ni lita nane, yaani dakika moja tu ya gesi inayotoka lita nane kwa dakika. Nimewaona mafundi wakibania dakika hiyo, halafu wakapoteza fremu nzima.

Na waya wa kujazia: ncha yake isitoke nje ya gesi ikiwa ya moto. Sote tuna mkono wa kuuchovya waya na kuuvuta nyuma, ukavuta pumzi. Ukishatoka, ncha imepata rangi, na ukiichovya tena unaipeleka oksijeni moja kwa moja kwenye dimbwi. Simama, kata sentimita moja, endelea. Ukimaliza mshono, usinyanyue tochi. Zima moto, mkono ubaki palepale gesi ikimwagika mpaka papoe kabisa. Hapo ndipo uvumilivu wa fundi unapopimwa, maana mikono inawasha kutaka kuona kazi.

Kwetu pwani kuna mambo mawili ya ziada. Moja ni kusi. Upepo ukipita mlangoni agoni yako inakwenda nao, hata usipouhisi usoni. Funga mlango, zima feni, tundika turubai. La pili ni unyevu na jasho. Maji yakikutana na dimbwi yanatoa haidrojeni, na haidrojeni huacha vitundu ndani ya mshono na kutengeneza vijisahani vigumu ambavyo ufa hupenda kuvifuata. Asubuhi mapema chuma baridi hutoa umande usiouona. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, vaa glovu safi, na usiguse tena. Brashi iwe ya chuma cha pua na isiwahi kugusa chuma kingine. Yangu nimeifunga utepe mwekundu na inalala kabatini.

Kama unaona huu ni ushamba wa kupita kiasi, sikiliza yaliyowapata wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Burbank, California, kampuni ya Lockheed ilikuwa ikijenga A-12, ndege ya upelelezi iliyoruka mara ya kwanza 1962 na kuzaa SR-71. Sehemu kubwa ya mwili wake ni titaniamu. Kelly Johnson, mhandisi aliyeongoza kazi hiyo, alisimulia kwamba vipande vya mbawa vilivyounganishwa kwa kuchomelea nukta wakati wa kiangazi viliharibika mapema, na vile vya majira ya baridi vikadumu. Vipande vilevile, mashine zilezile. Walipofuatilia waliyakuta makosa kwenye bomba la maji. Vipande vilikuwa vikioshwa kwa maji ya mji, na kiangazi mji ulitia klorini nyingi kuzuia mwani. Wakahamia maji yaliyokenekwa, kama yale ya kujazia betri. Klorini na titaniamu ya moto haviishi pamoja. Kwa sababu hiyo usioshe kwa jiki, usitumie vimiminika vya kuondolea grisi vyenye klorini, na maji ya kisima cha Likoni yaache yaoshee sakafu.

Sasa ile rangi iliyonidanganya. Rangi ya mshono ni unene wa utando wa oksidi juu yake. Mwanga unarudi kwa rangi tofauti kadiri utando unavyonenepa. Mshono wa fedha inayong'aa ni mzuri. Manjano ya majani makavu huvumilika kwa kazi nyingi. Bluu na zambarau ni onyo, na kazi ya maana haiendi nayo. Kijivu kisichong'aa, au unga mweupe unaopukutika, kata usiulize. Nakiri rangi hizo ni nzuri, na wenye pikipiki wanazilipia. Ni sawa kwa urembo uliopakwa baadaye kwa umeme, ila zikitoka kwenye kuchomelea zinashuhudia kwamba gesi ilipungua.

Lakini shahidi huyu si wa kuaminiwa kwa yote. Rangi inasimulia yaliyotokea wakati wa kupoa tu. Dimbwi linaweza kunywa hewa kwa sababu tochi iliinamishwa mno, kisha likapoa chini ya kifuniko kizuri cha nyuma, na ukapata mshono wa fedha uliooza ndani. Pia kuna wanaopiga brashi kabla mkaguzi hajafika. Ukinunua kazi ya mtu, dai kuuona mshono kabla haujaguswa.

Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote mimi huchomelea vipande viwili vya majaribio, vya gredi na unene uleule, kwa mtungi uleule, siku ileile. Cha kwanza nakibana kwenye jiliwa na kukipinda. Gredi ya 2 iliyo safi inapaswa kuzunguka fimbo yenye kipenyo cha mara nane ya unene wa bati bila ufa. Sita-nne ni mkaidi, ipe fimbo nene zaidi. Ukiwa umeshika mpini utajua kabla ya macho: kizuri kinasukuma mkono kisha kinakubali, kibaya kinasukuma, kinasukuma, halafu tak. Cha pili nakipitishia tupa, kuanzia kwenye bati kwenda kwenye mshono. Tupa ikiwa inauma kwenye bati na kuteleza kwenye mshono kama juu ya kioo, sina haja ya maabara.

Ukiwa na njia ya kupima Vickers kwenye chuo au kiwanda, pima kwa mstari: bati, pembeni, katikati, pembeni, bati. Kwa gredi ya 2, mimi katikati ikizidi bati kwa 30 nasimamisha kazi na kutafuta uvujaji. Usitegemee vile vipimaji vya mkononi vya kudundisha kijichuma juu ya bomba jembamba. Bomba linatetemeka na namba inayotoka haina maana. Na ukisoma namba ya sita-nne, kumbuka kwamba kupanda kidogo ni desturi yake. Wapo wanaoona 370 wakaingiwa na hofu ya bure.

Hewa ikishadhibitiwa, linabaki suala la zile punje nene, na hapo lazima niseme ukweli: huwezi kuzirudisha ndogo kwa kupasha moto. Chuma unaweza kukipasha upya na punje zikazaliwa upya. Za titaniamu haziondoki mpaka zifuliwe au kubiringishwa, na mshono wa fremu haufuliwi. Unachoweza ni kuzinyima chakula. Tumia umeme mdogo unaotosha, mshono mwembamba, na kati ya mshono na mshono subiri mpaka kipande kiweze kuguswa kwa mkono mtupu, ila wewe usikiguse. Kusukwa kwa alfa ndani ya punje si hasara tupu, maana ufa unaotembea humo hupinda kila hatua na kuchelewa. Kinachopungua ni uwezo wa kuvutika, na uvumilivu dhidi ya mtikisiko wa kila siku, ndiyo sababu mshono wenye kona kali hupasuka palepale konani.

Kupunguza mkazo kwa joto kunafaa vipande vinene vya sita-nne, kati ya nyuzi 480 na 650, ila ndani ya ombwe au agoni. Kwenye tanuri la wazi, kuanzia nyuzi 550 hivi uso unaanza kufanya ganda gumu lenye oksijeni ambalo lazima liondolewe lote. Kama huna tanuri hilo, acha. Mkazo uliobaki ni afadhali kuliko ganda.

Mawili ya haraka. Titaniamu haiungani na chuma kwa kuyeyushwa. Vikichanganyika vinatoa kitu kinachopasuka kikiwa bado mezani. Na vumbi lake la grainda, lile linalotoa cheche nyeupe sana, linawaka. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, usilimwagie maji.

Kuna kazi za kukataa. Fremu isiyojulikana gredi, kipande cha ndege, kitu chochote kitakachokaa ndani ya mwili wa mtu, au ufa uliokwisha kuchomelewa na mwingine ukaacha bluu. Kwa huo wa mwisho gharama si ya mshono. Ni ya kukata pande zote mbili mpaka ufikie titaniamu safi, kutafuta bomba la kuziba pengo, na kuanza upya.

Kijana wa ile fremu alirudi mwaka uliofuata na nyingine. Safari hii nilimweka kwenye kigoda karibu na jiliwa, nikampa mpini apinde kile kipande cha majaribio mwenyewe. Kikazunguka fimbo kama utepe. Akakigeuza, akakitazama mshono uliokuwa na rangi ya shilingi mpya, akaniuliza kama siwezi kumtilia ile bluu ya mara ya kwanza.